Samaki wa mdomo upande: nilidhani kilema, kumbe wapo nusu kwa nusu

FundiBoti (Kibirizi, Kigoma)

Mwakeye wakuu.

Mimi ni fundi wa injini za boti hapa mwaloni Kibirizi. Mambo ya samaki kwangu yanaishia kwenye sahani, tena awe mgebuka wa mawese na ugali wa muhogo pembeni. Ila Jumamosi iliyopita yamenikuta, nikaona nisikae nayo peke yangu.

Nilikuwa nimefungua kabureta ya boti moja, mpwa wangu wa darasa la sita akaja kamning'iniza kisamaki mkiani. Kakiokota kwenye ule mchanganyiko wa nyavuni ambao wavuvi huwaachia watoto. Urefu wa kidole, rangi ya kijivu, hakina la ajabu. Akaniambia, "Anko, huyu mdomo wake umevunjika." Nikamtazama. Kweli, mdomo umekwenda kulia, kama mtu aliyechapwa kofi na sura ikagoma kurudi. Nikamwambia hicho ni kilema, tupa. Akatupa.

Haikupita nusu saa, karudi na mwingine. Huyu mdomo umekwenda kushoto.

Hapo nikaweka spana chini. Kilema kimoja sawa, lakini vilema viwili, kimoja huku kingine kule, kwa ufundi wangu hiyo siyo ajali, hiyo ni oda. Nikapiga picha nikamtumia mwalimu mmoja wa baiolojia yuko Tabora, tulisoma naye. Badala ya kujibu akacheka dakika nzima kwenye simu. Nimemwomba aje aeleze mwenyewe, mimi nitachapia.

Na wengine mnakaribishwa. Leteni mambo ya wanyama yaliyogunduliwa na wataalamu miaka ya karibuni yakawaacha mdomo wazi. Sharti moja tu: yawe ya kweli. Zile za nyoka mwenye taa kichwani, pelekeni kwenye magrupu ya familia.

KijanaWaKasulu

Nimetandika mkeka. Ngoja waje.

MwalimuIsevya (Tabora)

Mwangaluka wadau. Nimefika, nilikuwa nasahihisha madaftari.

Huyo samaki wataalamu wanamwita Perissodus microlepis. Hapa tumwite mla magamba, maana ndiyo kazi yake mjini. Hahangaiki kummeza mwenzake mzima. Anamvizia kwa nyuma, anachomoka, anang'oa magamba machache ubavuni, anatokomea. Aliyeng'olewa anaendelea na maisha yake huku ubavu unamwasha.

Sasa fundi, wewe unajua mambo ya pembe. Ukitaka kumng'ata mtu ubavuni ukitokea nyuma, mdomo ulionyooka unakulazimisha uupinde mwili mzima. Ukichelewa sekunde, kashakimbia. Mdomo uliokwisha kupinda hauna shida hiyo. Mwenye mdomo uliopindia kulia hushambulia ubavu wa kushoto wa windo, na wa kushoto hushambulia ubavu wa kulia. Kila mmoja na upande wake.

Hilo peke yake lingetosha. Lakini tamu iko mbele. Mjapani mmoja, Michio Hori, aliwafuatilia samaki hawa katika ziwa lenu hilohilo la Tanganyika kwa miaka kama 10, akachapisha mwaka 1993. Alikuta wa kulia na wa kushoto wanakaribiana nusu kwa nusu. Mwaka huu wa kulia wanazidi kidogo, baada ya muda wa kushoto wanapanda, kisha mzani unarudi. Kwa nini?

Chukua vibaka wa stendi. Tuseme wote wanachomoa pochi mfuko wa kulia. Abiria watafanyaje? Wote watashika mfuko wa kulia. Sasa akiingia kibaka mmoja wa mfuko wa kushoto, huyo siku hiyo analala na nyama. Anazaa watoto, anawarithisha kazi. Wakiwa wengi, abiria wanahamishia mkono kushoto, na yule wa kulia aliyekuwa anakufa njaa anarudi sokoni. Hakuna atakayemmaliza mwenzake, kwa sababu faida iko kwa aliye wachache. Ndivyo ilivyo kule chini. Samaki wanaowindwa wanakuwa macho zaidi kwa upande unaoshambuliwa mara nyingi.

Tulifundishwa kwamba katika mabadiliko ya viumbe mshindi anatwaa vyote. Kisamaki chenu cha kutupa kinasema hapana, kuna ushindi ambao ukiukamilisha unakuua.

KijanaWaKasulu

Mwalimu, kama ungenifundisha wewe nisingekuwa nauza vocha.

MamaDagaa (Katonga)

Mwalimu shikamoo, maana umri siujui. Swali langu: huyo mtoto anazaliwa mdomo umeshapinda, au unapinda kwa kazi? Wapo wanaume huku Katonga bega moja liko chini kwa kubeba magunia.

MwalimuIsevya

Marahaba mama, na mimi shikamoo, tugawane.

Vyote viwili. Kuna cha kurithi, upande mmoja unakuwa na nguvu zaidi tangu mapema. Ila watafiti wa Japani waliwafuga wadogo kwenye matangi, na mwaka 2017 wakaonyesha kwamba kisamaki kisicho na uzoefu hujaribu pande zote mbili. Anang'ata kulia, anang'ata kushoto. Polepole anagundua upande gani anashiba, anauganda huo. Kwa hiyo amezaliwa na mwelekeo, kisha kazi ikaukaza. Tofauti yake na wabeba magunia wenu ni kwamba bega la mzee halimpiti mtoto.

FundiBoti

Mnaona sasa? Na mimi nilimwambia mtoto atupe. Kanikalia usoni wiki nzima, "Anko ulisema kilema."

Mwalimu, waambie na ile ya idadi.

MwalimuIsevya

Ile ya jamii ya sato na kuhe. Haya. Ziwa lenu lina umri wa miaka kama milioni 10, na kina chake kinafika mita 1,470. Kikosi cha Walter Salzburger cha Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi, kilikusanya samaki wa jamii hiyo ziwa zima. Kazi yao iliyotoka mwaka 2021 inahesabu aina kama 240, na inaonyesha kwamba zilichipuka humohumo ziwani kutoka kwa babu mmoja. Babu mmoja! Kuhe mnayemkata vipande kwa panga, na vile visamaki vinavyoishi ndani ya konokono mtupu ambavyo ukivifunika na kiganja havionekani, ni ukoo mmoja.

MamaDagaa

Hao wa kwenye konokono nawajua. Watoto wanawatoa wakitikisa ganda. Nikiwa mdogo tulidhani ni watoto wa konokono.

MwalimuIsevya

Kuna aina mojawapo dume anakusanya maganda mdomoni, anayapanga uwanjani kwake kama mtu anayejenga nyumba za kupangisha, majike wanahamia wakiwa na mayai. Dume ana uzito mara 12 hivi ya jike. Sharti awe mkubwa aweze kubeba ganda, jike sharti awe mdogo aweze kuingia. Ganda limewagawa mume na mke.

FundiBoti

Nyumba ya kupangisha ambayo mwenye nyumba haingii mlangoni. Angekuwepo mmoja hapa mjini, mtaa wa Mwanga.

MamaDagaa

Na dagaa je? Msiwasahau walionisomeshea watoto.

MwalimuIsevya

Mama, dagaa wako ni watu wa pwani.

Sitanii. Hawa wa Tanganyika aina zote mbili ni ukoo wa dagaa na simu wa bahari kuu. Mwaka 2008 ulitoka utafiti wa vinasaba uliosema mababu zao waliingia maji baridi kupitia Afrika Magharibi, bahari ilipovamia bara upande ule, kati ya miaka milioni 25 na 50 iliyopita. Wakapanda mito kizazi kwa kizazi mpaka huku ndani.

Kuna kichekesho hapo. Mwishoni mwa karne ya 19 Wazungu waliona konyeza ziwani, vile vidude laini vya uwazi, duara kama sarafu. Konyeza wanajulikana ni wa baharini. Mwingereza aitwaye Moore akaja kuanzia mwaka 1895 kuthibitisha kwamba Tanganyika ilikuwa mkono wa bahari uliokatika. Haikuwa. Ziwa lilizaliwa kwa ardhi kupasuka kwenye Bonde la Ufa. Kwa hiyo walikosea kuhusu ziwa, ila wangewauliza dagaa, wangepata nusu ya wanachokitafuta.

MamaDagaa

Basi kuanzia kesho kopo napandisha bei. Mzigo umetoka baharini.

Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa lisivuliwe, 15 Mei hadi 15 Agosti, tulikaa miezi mitatu tunatazamana. Lilipofunguliwa vipe, zile boti za kuvulia dagaa, vikaingia usiku na taa zao, ziwa likawa kama mji. Nilisimama ufukweni nikasema hawa viumbe wanatupenda au hawatupendi? Wanaifuata taa wenyewe. Kumbe safari ya miaka milioni 25 waje waishie kwenye taa ya sola.

MlokoleMpole

Nimesoma kimya kimya tangu juu. Uzi mzuri, lakini mnatupeleka kidogo kidogo kule kwenye kusema binadamu katoka kwa nyani. Mimi Gombe nimekwenda, nimewaona sokwe. Mimi sijatoka kwa yule.

MwalimuIsevya

Na hakuna mwenye elimu yake anayesema umetoka kwa yule. Sokwe wa Gombe siyo babu yako. Kwa hesabu za wataalamu ni kama mtoto wa baba mdogo, babu yenu ni wa pamoja na alikufa zamani sana. Wewe ulikwenda mjini, yeye alibaki na shamba. Imani yako sitaigusa, mimi mwenyewe Jumapili niko kwaya. Ninachokuomba ni utazame alichokutwa anafanya huyo ndugu.

Mashariki ya Mahale kuna bonde linaitwa Issa. Siyo msitu mnene kama Gombe. Ni miombo, nyasi, uwazi mkubwa, ardhi inayofanana na ile ambayo inadhaniwa mababu wa binadamu waliishi. Nadharia iliyoko kwenye vitabu vya shule inasema tulisimama kwa miguu miwili kwa sababu miti ilipungua, tukalazimika kutembea chini. Rhianna Drummond-Clarke na wenzake wakawafuata sokwe wakubwa 13 kwa miezi 15, wakichapisha Desemba 2022. Walikuta zaidi ya asilimia 80 ya nyakati ambazo sokwe wale walisimama kwa miguu miwili, walikuwa juu ya mti. Juu! Wanasimama kwenye tawi, mkono mmoja umeshika tawi la juu, mwingine unafuata tunda. Kwa hiyo huenda kusimama kulianza mtini kabla ya kushuka. Nadharia ya kitabuni imetikiswa na ndugu zetu wa Issa.

MlokoleMpole

Mtoto wa baba mdogo nimemkubali kwa ajili ya amani. Endeleeni.

Mtongwe (Buhingu)

Shikamooni nyote wakubwa, wadogo marahaba.

Mmesema Gombe, mmesema Issa, Mahale mnaipita kama kituo kisicho na abiria. Mimi nyumbani ni Buhingu, chini ya mlima. Kila mtu anajua kwamba Jane Goodall, Mungu amrehemu, alifariki Oktoba 2025, aliingia Gombe Julai 1960 na mwaka uleule akamwona sokwe akichokonoa mchwa kwa kijiti. Sawa. Lakini Wajapani wakiongozwa na Nishida walianza Mahale mwaka 1965, na kuna jambo lilitokea kule mwaka 1987 ambalo kwangu linazidi kijiti.

Kulikuwa na sokwe jike wanamwita Chausiku. Siku hiyo anaumwa. Wenzake wanakula, yeye kalala. Mtafiti Michael Huffman alikuwa anamfuata pamoja na Mohamedi Seifu Kalunde, mtu wetu, Mtongwe, askari wa wanyamapori ambaye miti anaijua tangu utotoni. Chausiku akajikongoja mpaka kwenye kichaka cha mjonso. Akavuta tawi. Sikilizeni alivyofanya: akabandua gome, akatupa. Majani, akatupa. Akabaki na ule moyo laini wa ndani, akautafuna, akafyonza maji, makapi akatema.

Mjonso ni mchungu jamani. Siyo uchungu wa kusema, uchungu wa kukufumba jicho moja. Hakuna anayeula kwa utamu. Kalunde akamweleza Huffman kwamba ule ni dawa, sisi tunautumia kwa tumbo na homa. Kesho yake Chausiku anatembea, anakula.

Maabara ilipokuja kuuchambua, ule moyo ukakutwa na kemikali zinazodhoofisha minyoo ya tumboni. Na majani na gome, alivyotupa yule sokwe, ndiyo yenye sumu zaidi ukizidisha. Nani alimwambia?

Bibi yangu anamenya vilevile. Gome kando, majani kando. Nimemwona mara nyingi, amekaa kwenye kigoda, kisu kidogo, vipande vinaangukia kwenye ungo. Siku nilipomsimulia habari ya Chausiku hakushangaa hata. Akaniuliza tu, "Huyo sokwe alikuwa na mtoto?" Nikasema ndiyo, alikuwa na mtoto. Akasema, "Basi na mtoto anajua."

FundiBoti

Hapo kwa bibi nimenyamaza.

MamaDagaa

Mjonso ndio ule Waha na Warundi wanauita mubirizi? Wa majani machungu, unaota pembeni ya mashamba?

Mtongwe

Huohuo.

KijanaWaKasulu

Mubirizi… Kibirizi… wakuu mnaona ninachokiona?

Mtongwe

Na Kalunde alikuwa na jingine, Huffman amelisimulia mara nyingi. Babu yake alikuwa mganga. Akamwona nungunungu mgonjwa, anaharisha, anachimba na kula mzizi wa mmea unaoitwa mulengelele, ambao watu waliuogopa kwa sumu. Nungunungu akapona. Ulipoingia ugonjwa wa kuhara damu kijijini, babu akathubutu kuutumia mzizi ule, watu wakapona. Kwa hiyo ukiuliza nani kafundisha nani, foleni ni ndefu, na mbele yetu wamesimama nungunungu na sokwe.

MwalimuIsevya

Mtongwe umenipa somo la wiki. Niongeze kidogo. Mwaka 2024 watafiti wa Sumatra, Indonesia, waliandika habari za orangutani dume anaitwa Rakus. Alikuwa na jeraha usoni chini ya jicho, akatafuna majani ya mtambaa ambao watu wa kule wanautumia kama dawa, akapaka maji yake kwenye jeraha, kisha akabandika yale majani yaliyotafunwa kama plasta. Lilifunga.

Na kile kijiti cha Gombe nacho kina habari mpya. Mwaka 2025 Alejandra Pascual-Garrido na wenzake walipima ugumu wa mimea. Ile ambayo sokwe hawaitumii kabisa kuvulia mchwa ilikuwa migumu kwa asilimia 175 kuliko wanayoipenda. Maana vishimo vya kichuguu vimepinda, kijiti kigumu kinakwama. Sokwe anachagua malighafi. Fundi, hawa ni wenzako.

FundiBoti

Waje Kibirizi nina kazi. Kijana niliyenaye anafungua nati za plastiki kwa nyundo.

MzingaWaGome (Sikonge)

Mwangaluka. Nimechelewa, huku mtandao mpaka upande kichuguu.

Mimi narina asali, kama baba yangu. Mizinga ya magome na ya magogo, siku hizi na ya mbao kidogo. Nataka kumsema ndege wa asali, wengine humwita mlembe. Mnaoishi mjini hamtaamini, lakini huyu ndege anakuja mwenyewe. Anatua kwenye tawi mbele yako, anapiga kelele kama mtu anayetikisa kibiriti. Ukimfuata, anaruka mti wa mbele, anakungoja. Ukisimama kufunga kamba ya kiatu anarudi kukugombeza. Anakupeleka mpaka kwenye nyuki. Wewe unapata asali, yeye anapata nta. Nta, siyo asali! Tumbo lake linayeyusha nta.

Wazee wetu walitukanya: usimdhulumu. Ukirina, mwachie sega zuri juu ya jani. Usipomwachia, safari ijayo atakuongoza mpaka alipolala simba.

Nilisikia wataalamu wamemchunguza. Mwalimu, ni kweli?

MwalimuIsevya

Kweli tupu, na nilikuwa nakungoja wewe.

Claire Spottiswoode alifanya kazi na warina asali wa Kiyao, Niassa, Msumbiji. Wayao wana mlio wao, unaanza kwa kutetemesha ulimi kisha mguno, waliorithi kwa baba zao. Mwaka 2016 akaonyesha kwamba ukipita porini unapiga mlio ule, nafasi ya kuongozwa hadi kwenye nyuki ilikuwa asilimia 54. Ukipiga sauti nyingine zozote, 17. Ndege anajua kwamba mlio ule maana yake ni mtu anayetafuta asali.

Kisha mwaka 2023 yeye na Brian Wood wakawalinganisha Wayao na Wahadzabe wa kwetu hapa, kule Eyasi. Wahadzabe wanapiga mluzi. Ndege wa Uhadzabe wakaitikia mluzi zaidi ya mara tatu kuliko mlio wa Wayao. Wale wa Niassa wakaupendelea wa Wayao. Ndege wa aina ileile, ila kila mmoja anasikia lugha ya kwao. Kwa hiyo bwana Mzinga, ukihamia Niassa na mluzi wako, utazunguka siku nzima.

Kuhusu sega la juu ya jani: Wahadzabe mara nyingi hufanya kinyume. Wanaichoma nta au wanaifukia, ndege asishibe, aendelee kuongoza. Na simba hawajaletwa.

MzingaWaGome

Hao Wahadzabe wana roho ngumu.

Lakini kuna kinachonitatiza tangu utoto. Huyu ndege hatagi kwenye kiota chake. Anataga kwa wenzake. Baba alinionyesha. Sasa kama hakulelewa na mama yake, nani kamfundisha kuongoza watu?

MwalimuIsevya

Ndiyo, na malezi yenyewe ni ya kutisha. Jike anataga kwenye shimo la ndege mwingine, keremkerem, hata yale waliyochimba kwenye paa la pango la zamani la muhanga. Kinda wa ndege wa asali anaanguliwa kipofu, hana nyoya, ila ncha ya mdomo ina ndoano kali. Kule Zambia waliweka kamera gizani, matokeo yakatoka mwaka 2011. Makinda wa mwenye nyumba wakianguliwa, anawang'ata na kuwatikisa mpaka wafe. Baada ya muda ile ndoano inapotea. Keremkerem analisha muuaji wa watoto wake mpaka anaruka.

Jibu la swali lako: hamu ya kuongoza inaelekea anazaliwa nayo, kwa sababu hana wa kumwiga. Maana ya mluzi inaelekea anajifunza ukubwani, kwa kuwatazama ndege wenzake na watu wa mahali pale. Ni kama mla magamba wa fundi, kuna cha kuzaliwa nacho na kuna cha kazini.

MamaDagaa

Ziwani tunaye wa hivyo. Gogogo mwenye madoadoa.

MwalimuIsevya

Hasa! Synodontis multipunctatus. Sato wanaotunza mayai mdomoni wakiwa wanataga, gogogo anajipenyeza katikati, anakula mayai mengine na kuacha yake. Mama sato anayaokota yote kinywani. Ya gogogo yanaanguliwa mapema na kuwala wenye nyumba. Kinywani mwa mama yao! Jaribio lililochapishwa mwaka 2018 lilionyesha sato wa Tanganyika wameshaanza kushtuka, wanamkwepa au wanayatema. Wale wa maziwa mengine ambao hawajawahi kukaa na gogogo huyu wanaingizwa mjini kirahisi zaidi.

KijanaWaKasulu

Na mimi nichangie moja kabla mkeka haujakunjwa. Wale chungu weusi wanaokwenda kwa msafara kuvamia mchwa, huku kwetu na Unyamwezini tunawaita sungusungu, ndio waliozaa jina la jeshi la jadi. Nimesoma Mjerumani mmoja, Erik Frank, aliwachunguza Ivory Coast. Wakitoka vitani wanabeba majeruhi mpaka nyumbani! Na huko wanawalamba vidonda. Asiyetibiwa, asilimia 80 wanakufa ndani ya siku moja. Aliyetibiwa, 10. Mwaka 2023 wakagundua wanatofautisha kidonda kilichooza na kisichooza, na kile kilichooza wanakipaka dawa inayotoka kwenye tezi iliyo ubavuni mwa kifua. Hospitali ya jeshi kabisa.

Aliyekatika miguu mingi anakataa kubebwa. Hapo niliacha kusoma nikatoka nje kidogo.

FundiBoti

Ndio maana mkiwakanyaga wananuka. Wanalaani.

Haya, narudi kwa mpwa. Tangu nimweleze habari ya nusu kwa nusu, hajatulia. Kila jioni anakaa na wavuvi kwenye nyavu, anatafuta wala magamba, anaandika kwenye daftari la hesabu. Ameniletea jumla ya siku sita: samaki 14. Wa kulia 9, wa kushoto 5. Anataka kujua kama Mjapani alikosea.

MwalimuIsevya

Mwambie 14 ni wachache mno, sarafu ukiirusha mara 14 nayo inaweza kukupa hivyo. Afikishe mia. Na mwambie nimempa alama zote.

MamaDagaa

Samahani fundi. Kulia kwa nani? Kwa samaki au kwa huyo mtoto?

FundiBoti

Kwa… subiri.

FundiBoti

Nimemwita. Anasema siku mbili za kwanza alikuwa anawashika wakimtazama usoni. Halafu mvuvi mmoja akamwambia ashike kichwa mbele asichomwe na miiba, akageuza. Kwenye daftari hakuandika.

KijanaWaKasulu

😂😂😂

FundiBoti

Amechana ukurasa. Saa hizi yuko majini na ndoo, kaniomba kalamu ya rangi awachore mshale samaki kichwani kabla ya kuhesabu. Nimempa ya kuandikia namba za injini.